Miche 60 ya stroberi, ng'ombe mmoja wa Bisil

Miche yangu ilianza kufa kutoka ukingoni. Majani yaliungua pembezoni kwanza, kisha rangi ya kahawia ikatambaa kuelekea katikati kama karatasi iliyosogezwa karibu na mshumaa. Wiki ya sita haijaisha, mingi kati ya miche yangu mia ilikuwa imelala juu ya tuta kama mboga zilizobaki sokoni usiku. Nilikuwa nimeipanda nyuma ya nyumba Kitengela, kwenye ploti ya hamsini kwa mia. Niliitilia samadi, nikaitandazia nyasi kavu, nikainywesha asubuhi na jioni bila kukosa hata siku moja. Jirani aliyezoea kuchungulia juu ya ua alisema nimeiua kwa kiu.

Mshukiwa wangu alikuwa samadi. Niliinunua kwa kijana mwenye pikapu aliyeniapia kwamba imetoka kwenye maboma ya upande wa Bisil, na nilikuwa nimesikia kwamba samadi mbichi huunguza mizizi. Ni kweli, huunguza. Basi Jumamosi moja nikapanda matatu, nikaenda kumtazama mshtakiwa nyumbani kwao.

Kutoka Kitengela hadi Bisil ni kama kilomita 70 kwa barabara ya Namanga, na njiani mtu husoma historia ya Kajiado hata asipotaka. Kitengela yenyewe ilikuwa njia ya nyumbu. Mvua zilipoanza walitoka Mbuga ya Nairobi wakashuka kwenye nyanda za Kaputiei kuzaa, kisha ukame ukawarudisha. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai ranchi za pamoja. Baadaye ranchi zikagawanywa, vipande vikagawanywa tena, na sensa ya mwaka 2019 ilipokuja ilikuta mji wa watu zaidi ya 150,000, kila mmoja na ukuta wake na tangi lake jeusi juu ya mnara. Isinya ina mabanda meupe ya maua. Mjini Kajiado inapita reli iliyojengwa kwa ajili ya magadi, na baada ya hapo nyumba zinapungua, migunga inaongezeka, upepo unaanza kunuka mbuzi.

Bisil ni mji wa mnada. Wachuuzi wa mifugo hukutana hapo, wengine wakiwa wametoka ng'ambo ya mpaka wa Namanga, na ng'ombe wanaopakiwa kwenye malori huishia katika bucha za Nairobi. Si ng'ombe peke yao wanaosafiri. Samadi iliyolundikana bomani miaka na miaka huchotwa kwa sepetu, hujazwa kwenye malori, na kupelekwa kwenye mashamba ya Kiambu na nyanda nyingine za juu ambako ardhi imechoka na mifugo ni michache. Nilipolitazama lori moja likijazwa, nilitambua jambo lililonichekesha: stroberi tamu za Limuru, zile zinazouzwa na vijana katikati ya foleni za magari Nairobi, huenda zimelishwa chakula cha Bisil. Mji huu umekuwa ukishiriki kilimo cha stroberi bila yeyote kuuonjesha hata moja.

Nilikuwa nimebeba pakiti moja ya robo kilo, niliyoinunua jana yake kwa kijana wa barabarani. Kando ya mnada alikuwapo mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza maziwa, kibuyu chake kimepambwa kwa shanga.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu.

"Iko," akaitika, akaniangalia viatu, akajua natoka mjini.

Nikamfungulia pakiti. Akaishika stroberi moja kwa ncha za vidole, akaigeuza, akauliza kama hiyo ndiyo ile ya yogati. Swali la haki kabisa. Wakenya wengi tunaijua stroberi kama rangi ya waridi ndani ya kikombe cha plastiki, au kama peremende, miaka mingi kabla hatujaliona tunda lenyewe. Akaila taratibu. Akasema ni kama olamuriaki iliyotiwa maji.

Olamuriaki ni mtandamboo, ule mti wa miiba wenye vijitunda vyeusi vyeusi ambavyo watoto wachungaji huvichuma huku wakichomwa. Nilitaka kumpinga lakini sikuweza, kwa sababu alikuwa amesema kweli kwa ulimi pekee bila kuhitaji maabara. Stroberi ni maji. Katika kila gramu 100 za tunda hilo, gramu 91 hivi ni maji matupu. Kinachobaki ni sukari chini ya gramu 5, ufumwele gramu 2, na hamu.

Kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu ya kusoma makala za kilimo biashara sijawahi kuliona likiulizwa kwanza. Hakuuliza bei ya kilo wala soko liko wapi.

"Ero, hii inakunywa maji kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Na nilipojaribu kulitafuta jibu hilo ndipo nilipogundua kwamba samadi haikuwa na hatia.

Maji niliyoinyweshea miche yangu yalikuwa ya kisima kirefu, yaliyoletwa na lori. Kila mkazi wa Kitengela anayajua maji hayo. Sabuni haitoi povu, birika hujenga ganda jeupe ndani, chai hudai sukari ya ziada. Sehemu nyingine za Kajiado maji ya ardhini yana floridi kiasi cha kupaka meno ya watoto rangi ya kahawia. Sisi binadamu tunayavumilia kwa kuwa hatuna lingine. Stroberi haijawahi kuapa kuvumilia. Wataalamu wa umwagiliaji hupima chumvi ya udongo kwa jinsi unavyopitisha umeme, na katika majedwali yao shayiri hustahimili hadi kipimo cha 8 kabla mavuno hayajaanza kupungua. Nyanya huanza kulegea kwenye 2.5. Stroberi huanza kwenye 1. Maharagwe na karoti nazo huanza hapo hapo kwenye 1, lakini huporomoka polepole; stroberi hupoteza theluthi ya mavuno kwa kila hatua moja inayozidi. Na dalili yake ya kwanza ni ile ile niliyoitazama nikidhani ni ukame: ukingo wa jani kuungua. Kadiri nilivyoona jani likikauka ndivyo nilivyoongeza maji, na kadiri nilivyoongeza maji ndivyo nilivyoongeza chumvi. Jirani yangu alikosea. Niliiua kwa kinywaji.

Mmea huu una historia ndefu ya kugombania maji na watu. Stroberi kubwa tunayoila leo haikuwapo popote duniani miaka 350 iliyopita. Zilikuwapo stroberi ndogo za porini za Ulaya, tunda lenye ukubwa wa ncha ya kidole. Ilikuwapo ya Amerika ya Kaskazini, nyekundu na yenye harufu kali, ambayo Wazungu waliibeba katika karne ya 17. Na huko Chile Wamapuche walikuwa wakiilima aina yao wenyewe, kubwa, yenye rangi hafifu. Mwaka 1712 mfalme wa Ufaransa alimtuma mhandisi mmoja wa kijeshi, Amédée-François Frézier, akapeleleze ngome za Wahispania katika pwani ya Chile na Peru. Alijifanya mfanyabiashara. Alichora ramani za mizinga, na pembeni, kama mtu anayenunua mboga akitoka kazini, akachukua miche ya stroberi huko Concepción, kwa sababu matunda yake yalikuwa makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona. Kwa bahati ambayo mwandishi wa riwaya asingethubutu kuibuni, jina lake la ukoo linafanana na neno la Kifaransa la stroberi.

Safari ya kurudi ilichukua miezi sita. Maji ya kunywa melini yalikuwa ya kupimwa, na kila tone lililomwagiwa mche lilikuwa limetolewa kinywani mwa baharia. Mwezi Agosti 1714 meli ilipotia nanga Marseille, ilikuwa imebaki miche mitano. Miwili kati ya hiyo Frézier alimpa msimamizi wa shehena, ndiye aliyekuwa amekubali kuitolea maji. Mmoja ukaenda bustani ya mfalme mjini Paris, mmoja kwa mkubwa wake wa kazi, mmoja akabaki nao mwenyewe. Yaani hata kabla stroberi ya kisasa haijazaliwa, thuluthi moja na zaidi ya mtaji wake ilikuwa imeshalipa ankara ya maji. Yule mama wa Bisil angemwelewa vizuri sana huyo msimamizi wa shehena.

Kilichofuata kina kejeli yake. Miche yote mitano ilikuwa ya kike. Ilistawi, ikatoa maua, ikakataa kuzaa, na wakulima wa bustani wakaitupia lawama hali ya hewa. Wakulima wa Bretagne, hasa karibu na mji wa Plougastel, ndio waliogundua kwamba ukiichanganya shambani na ile ya Amerika ya Kaskazini, inabeba. Mmea wa Kusini na mmea wa Kaskazini, ambao kwao ni mbali maelfu ya kilomita, walikutana Ufaransa kama watu wanaokutana ughaibuni na kuoana. Kijana mmoja, Antoine Nicolas Duchesne, ndiye aliyeuandika ukoo huo. Alikuwa hajatimiza umri wa miaka 17 alipompelekea Mfalme Louis wa 15 chungu cha stroberi alizozichavusha mwenyewe mwaka 1764, na miaka miwili baadaye akachapisha kitabu kinachoeleza kwamba stroberi mpya ya bustanini ni chotara wa hizo mbili. Alisema hivyo karibu karne nzima kabla dunia haijamsikia Mendel na njegere zake.

Nalitaja hili kwa sababu ya nyuki. Tunda la stroberi kwa kweli si tunda. Ni kitako cha ua kilichovimba. Matunda halisi ni vile vijipunje vya manjano juu ya ngozi, kama mia mbili kwa kila stroberi moja, na kila kijipunje kilichochavushwa hutoa kichocheo kinachoiamuru nyama iliyo chini yake ivimbe. Kisipochavushwa, nyama ya hapo hubaki imebonyea, na unapata stroberi yenye uso kama ngumi. Ukiona pakiti imejaa stroberi zilizopinda, uwezekano mkubwa ni kwamba shamba lile lilipungukiwa nyuki. Kwa jambo hili Bisil haina haja ya kuomba msaada: migunga inapochanua, nyuki wapo tele, na Wamaasai wanajua mizinga iko wapi.

Lishe yake sasa, kwa kuwa ndiyo hutangazwa zaidi. Gramu 100 za stroberi zina miligramu kama 59 za vitamini C, kiasi kinacholizidi chungwa kidogo na kuliacha embe nyuma kabisa. Pakiti ile ya robo kilo inamtosheleza mtu mzima mahitaji ya siku nzima na kubaki. Nguvu inayotoa kwa kila gramu 100 ni kalori 32 tu, kwa hiyo mwenye sukari au mwenye kitambi anaweza kuila bila hofu. Ina foleti, ina manganizi, na wekundu wake ni wa jamii ya rangi za mimea zinazosaidia mwili kupambana na uchakavu. Ukiila pamoja na maharagwe au mboga za majani, vitamini C yake huusaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma yaliyomo, jambo lenye maana kwa mama mjamzito. Ukiichemsha kuwa jemu, sehemu ya vitamini hiyo inapotea na sukari inachukua nafasi.

Lakini nikiwa mkweli, anayetafuta vitamini C peke yake Kenya hana sababu ya kuikimbilia stroberi. Pera lililoanguka chini ya mti bila mtu kuliokota lina karibu mara nne ya kiasi hicho. Papai liko sawa nayo. Unga wa ubuyu unaipita mbali. Na wafugaji hawa ambao chakula chao cha zamani kilikuwa maziwa, nyama na damu, vyakula ambavyo vitamini C yake ni haba, hawakukaa wakisubiri Mfaransa alete tunda: walikuwa na matunda ya porini ya malishoni, na supu zao walizitia magome na mizizi, olkiloriti kwa nyama nzito, mizizi ya huo huo olamuriaki kwa maumivu. Stroberi ina nafasi yake mezani, ila si nafasi ya mwokozi. Faida yake kubwa kwa watoto wa Bisil, naona mimi, ni kwamba wataila bila kulazimishwa. Ikikatwakatwa ndani ya kule naoto, yale maziwa mgando ya kibuyu yenye harufu ya mkaa wa oloirien, inatoka kitu ambacho hakuna kikombe cha waridi cha dukani kinachoweza kukikaribia. Nimekijaribu nyumbani. Nimekirudia.

Turudi kwenye swali. Inakunywa kiasi gani?

Mche mmoja uliokomaa, kwenye jua la Kajiado, unahitaji karibu nusu lita kwa siku. Miche elfu moja ni lita 500, yaani madumu 25 ya lita ishirini. Ng'ombe wa kienyeji hunywa kama lita 30. Kwa hiyo bustani ya miche elfu, ambayo kwa mkulima wa Limuru ni kona tu ya shamba, kwa Bisil ni kundi la ng'ombe 16 au 17 wanaokuja kisimani kila siku ya Mungu, bila kuhama wakati wa kiangazi na bila kuuzwa mnadani mambo yakizidi. Nilipoipiga hesabu hiyo nilikumbuka takwimu inayopendwa na wapinzani wa nyama: kwamba kwa wastani wa dunia kilo ya nyama ya ng'ombe hugharimu zaidi ya lita 15,000 za maji, na kilo ya stroberi chini ya 350. Takwimu ni sahihi, lakini kwa Bisil inadanganya. Maji mengi ya ng'ombe yule ni mvua iliyonyesha juu ya majani ya porini, ambayo ingenyesha ng'ombe awepo asiwepo. Maji ya stroberi ni ya dumu, na dumu lina bei na lina mgongo unaolibeba, na mgongo huo kwa kawaida ni wa mwanamke.

Maji ya kisima tumekwisha kuyaona tabia yake. Si visima vyote vya Kajiado vina chumvi sawa, na mwenye nia hana budi kuyapeleka maji yake yapimwe kabla ya kununua mche hata mmoja, jambo ambalo sikulifanya. Lakini kuna maji mengine ambayo hayana chumvi popote yanapoanguka. Kajiado kavu hupata mvua ya milimita 500 hivi kwa mwaka wa kawaida. Nyumba ya mabati yenye mita 10 kwa 10 hupokea lita 50,000 kwa mwaka huo. Toa zinazomwagika, zinazorukia nje ya gata, na zile za mvua ya kwanza unazoziacha zioshe vumbi na kinyesi cha ndege, zibaki 40,000. Ni maji laini yasiyo na chumvi, aina ile ile ambayo stroberi huilia.

Bila shaka tangi lina wenyewe. Kwanza watu, kisha ndama na mbuzi wagonjwa, kisha ndiyo bustani. Hivyo sikuwaza elfu, wala mia mbili. Nilifikia 60. Miche 60 hunywa lita 30 kwa siku, sawasawa na ng'ombe mmoja, na kati ya Juni na Oktoba, miezi mitano ambayo mbingu huko hufungwa, itahitaji lita 4,600 hivi, chini ya nusu ya tangi la lita 10,000. Hata kila mche ukitoa robo kilo tu kwa mwaka, ni pakiti 60. Utajiri haumo humo, nami siamini kabisa ahadi za mamilioni kwa ekari zinazosambazwa kwa wakulima na watu ambao biashara yao hasa ni kuuza miche. Stroberi ikishachumwa haiivi zaidi, na kwenye joto la kawaida huanza kulainika siku ya pili. Kutoka Bisil hadi Nairobi ni kama kilomita 100 za matuta na jua. Soko la miche 60 ni hoteli ya mjini Bisil, jirani, na mtoto anayerudi kutoka shule.

Kuna jambo moja ambalo mahali hapa panaipa stroberi bure. Aina nyingi za stroberi, ikiwemo Chandler iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1983 na ambayo wakulima wengi wa Kenya wanaipanda, huchanua siku zinapokuwa fupi na usiku ukiwa na ubaridi. Ulaya na Marekani mkulima husubiri msimu. Kwetu hapa karibu na Ikweta siku ina saa 12 Januari hadi Disemba, hivyo mmea hauoni siku ndefu hata moja ya kuuzuia; kinachoamua ni joto. Na Kajiado hupoa Juni hadi Agosti, wakati mvua ndefu zimekwisha na tangi, kama gata ilikuwa nzima, limejaa. Ubaridi na maji yaliyohifadhiwa vinakutana katika miezi ile ile. Joto la Februari likizidi nyuzi 30, tunda huwa dogo na laini, na hapo inafaa kutandaza neti ya kivuli au kukubali tu kwamba mmea umepumzika.

Kupanda kwenyewe si fumbo. Udongo mweusi wa mfinyanzi haufai, hushika maji kisha hupasuka. Tumia ule mwekundu wa kichanga uliochanganywa na samadi iliyooza hadi ikakosa harufu, kwenye tuta lililoinuka kama shubiri moja, miche ikiachana sentimita 30. Moyo wa mche, pale majani yanapochipukia, usizikwe wala usiachwe mizizi ikining'inia nje. Ukizikwa huoza. Majani yakigeuka manjano na mishipa ikabaki kijani, udongo una chokaa nyingi na mmea hauwezi kuyapata madini ya chuma; ni ugonjwa wa kawaida katika nchi kavu. Tandaza nyasi chini ili tunda lisiguse udongo na jua lisinywe maji kabla ya mmea. Katika ukame utitiri mwekundu hukaa chini ya majani na kuyafanya kama yamenyunyiziwa vumbi. Katika mvua ukungu wa kijivu hula tunda likiwa bado kwenye kikonyo. Kuzumburu na shore huamka mapema kuliko wewe. Mbuzi nao siwazungumzii, kila mtu Bisil ana maoni yake kuhusu ua wa miiba.

Baadaye mmea hunyoosha mikono mirefu juu ya ardhi, na kila mkono ukigusa udongo hutoa mche mpya. Ndiyo mbegu yake. Mwenye miche kumi yenye afya hana haja ya kununua mingine, mradi awe na subira, na mradi akate mikono isiyohitajika ili nguvu iende kwenye tunda.

Mwaka wa kiangazi kikuu hesabu hizi zote huanguka. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua mfululizo ilifeli katika eneo hili, na hadi 2022 ng'ombe wa Kajiado walikuwa wakifa kwa makundi. Gata za mwaka huo zilikusanya kutu. Miche 60 ingekufa pia, ila kilio chake kingekuwa kidogo.

Katika miche yangu mia, kumi na minne ilikuwa imesalia, ile iliyokuwa chini ya pembe ya paa, mahali maji ya mvua yalipokuwa yakidondokea bila mimi kupanga. Nilikuwa nimeipita kila siku nikienda kumwagilia ile inayokufa. Nikaiacha itoe mikono, na miezi michache baadaye nikaifunga miche ishirini katika gazeti lililoloweshwa, nikaitia kwenye katoni, nikampa utingo wa matatu ya Namanga ampelekee yule mama. Nikampigia simu kumweleza namna ya kuipanda karibu na tangi lake, na jambo moja la mwisho: maua ya kwanza yakitokea, ayakate yote, ili mche uimarishe mizizi kabla ya kubeba.

Alipiga wiki chache baadaye. Miche mitatu ilikuwa imeliwa na mbuzi, kumi na saba imeshika, na ua jeupe lilikuwa limetoka. Hakuwa amelikata. Aliniuliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na asiyejua kufuga, kama mtamba wangu akizaa kwa mara ya kwanza huwa namchinja ndama.